Kuunga na Kuunda

Kiswahili cha pwani hakitosheki na kitenzi kimoja cha kutengeneza. Kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu. Kubuni ni kazi ya akili. Mfinyanzi hufinyanga, mhunzi hufua, msusi husuka. Kuunga ni kukutanisha viwili vikawa kimoja. Na kuunda, hasa katika vinywa vya watu wa baharini, ni kufanya chombo: jahazi huundwa, mashua huundwa, na mwenye kazi hiyo ni fundi anayeheshimiwa na mji mzima. Msemaji hodari wa lugha hii havichanganyi vitenzi hivyo, kwa kuwa kila kimoja kina kiasi chake cha sifa na kiasi chake cha lawama.

Kuna mtu huko Uingereza anayenunua gari dogo la spoti kabla halijawa gari. Huletewa nyumbani masanduku: fremu ya chuma, mabati ya aluminiamu, injini, giaboksi, magurudumu, nyaya, na mifuko ya nati na bolti. Huviingiza vyote bandani, hufunga mlango, na baada ya majuma, miezi au miaka hutoka akiwa ameketi ndani ya gari linalokwenda. Akiulizwa, hujibu kwamba ameliunda mwenyewe. Je, asema kweli? Ameunda, au ameunga tu? Na ikiwa asema kweli, ukweli huo unampa nini, na unamdai nini? Swali hili lafaa kutazamwa kwa utulivu, maana mwenye kulijibu kuhusu gari atakuwa amelijibu kuhusu mambo mengine mengi ambayo binadamu huyapokea yakiwa vipande na kisha kuyaita yake.

Watu wa namna hii si wachache, wala historia yao si fupi. Mwaka 1948 Colin Chapman, kijana aliyekuwa akisomea uhandisi London, alichukua gari kuukuu aina ya Austin Seven akaligeuza kuwa gari la mashindano. Kazi hiyo aliifanya katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, na humo ndimo ilimozaliwa kampuni ya Lotus. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa gari lililoitwa Seven. Lilikuwa na viti viwili, halikuwa na paa la kudumu, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba injini ndogo ya Ford iliweza kulikimbiza. Chapman aliamini kwamba kumpunguzia mbebaji mzigo ni bora kuliko kumwongezea nguvu. Aliyetaka gari zima aliuziwa zima, lakini wengi walilinunua likiwa vipande.

Sababu kubwa ilikuwa kodi. Wakati ule serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi juu ya gari jipya lililokamilika, lakini vipande alivyonunua mtu ili aviunge mwenyewe havikuhesabiwa kuwa gari. Mnunuzi aliyekuwa tayari kuchafua mikono aliokoa fedha nyingi. Yafaa kusimama kidogo hapa. Chuma kilikuwa kilekile, injini ileile, na magurudumu yaleyale manne. Kilichotozwa kodi ni kule kukutana kwa vyuma hivyo. Mtoza kodi, ambaye si mtu wa ndoto, alikiri kwamba vipande vikishaungwa huzaliwa kitu ambacho hakikuwapo sandukuni. Anayesema kwamba kuunga si lolote si chochote ana deni la kueleza kwa nini dola ilikuwa tayari kukilipisha.

Wapenzi wa gari hilo husimulia jambo jingine la wakati ule. Sheria haikuruhusu vipande viuzwe pamoja na maelezo ya jinsi ya kuviunga. Lotus, kwa hivyo, ilitoa maelezo ya jinsi ya kulifungua gari lililokwisha kuungwa, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ulikuwa mzaha juu ya sheria, lakini ndani ya mzaha huo mlikuwamo mafunzo. Anayeambiwa akaze hapa hukaza, akapita. Anayeambiwa alegeze hapa, ilhali yeye anataka kukaza, hana budi kujiuliza: kipande hiki kinashika nini, kinashikwa na nini, na kipi kilitangulia kuwekwa ili hiki kiweze kufuata? Utii peke yake haumfikishi. Sharti aelewe, na mtu akishaelewa kazi hawezi tena kusema kwamba alifanya alivyoambiwa.

Kodi ile ilifutwa tarehe 1 Aprili 1973, ilipoanza kodi ya ongezeko la thamani, isiyobagua baina ya gari zima na gari la vipande. Mwaka huohuo haki za kutengeneza Seven zilitoka kwa Lotus zikaingia mikononi mwa kampuni ya Caterham. Kwa hesabu ya fedha, desturi ya kuunda gari nyumbani ingalipasa kufa hapo. Haikufa. Caterham iliendelea kuuza vipande. Mwaka 1996 Ron Champion, aliyekuwa mwalimu katika skuli ya Oundle, alitoa kitabu kilichodai kwamba gari la sampuli hiyo laweza kuundwa nyumbani kwa pauni 250 tu. Msomaji wake hakuletewa hata fremu. Alikata mwenyewe mabomba ya chuma ya mraba, akayachomea, kisha akatoa injini, giaboksi na ekseli katika gari kuukuu aina ya Ford Escort. Watu wengi waliitika wito huo, ingawa gari la kiwandani lilikuwa na paa lisilovuja na kifaa cha kupasha joto. Bila shaka walikuwa wakitafuta kitu kisichouzwa dukani.

Mpinzani atasema kwamba walichokitafuta ni sifa ya bure. Hawakuchimba chuma, hawakubuni injini, na hata umbo la gari ni la Chapman. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sifa ya kuazima nayo ni vivyo hivyo. Hoja hii ina nguvu, ila nguvu yake inapita kiasi. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alionesha kwamba mtu mmoja hawezi kujipatia hata chakula cha siku moja kwa nguvu zake pekee. Ngano hutaka kusagwa, kukandwa na kuokwa. Kila kazi hutaka vyombo vyake. Na kila chombo humtaka mhunzi, seremala au mfinyanzi. Ikiwa mtu hawezi kujiita mwenye kazi mpaka awe amekianzisha kila kilichomo, basi tangu dunia iumbwe hajatokea mwoka mikate. Hata fundi wa jahazi hupasuliwa mbao na wengine, hufuliwa misumari na wengine, na umbo la chombo amelirithi kwa mwalimu wake, naye alilirithi kwa wake. Hakuna aliyewahi kumnyima neno kuunda. Mwenye gari akisema "peke yangu", amekosea kama ambavyo angekosea fundi yeyote. Akisema "mimi", huenda amesema kweli. Inabaki kujulikana "mimi" hiyo ina maana gani.

Wanafalsafa wameligusa jambo hili kwa upande mwingine. Plutarch amesimulia kwamba watu wa Athens walikihifadhi chombo cha shujaa Theseus kwa kutoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hadi wanafikra wakabishana kama ni chombo kilekile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akalikaza fumbo: mtu akiziweka mbao zote zilizotolewa, kisha akaziunga tena kwa mpangilio ule wa kwanza, chombo cha Theseus kitakuwa kipi? Katika banda la mfuasi wa Champion fumbo hilo hunuka oili. Injini ya Escort imo ndani ya fremu mpya. Je, Escort imekufa, au imehama?

Idara ya usajili wa magari ya Uingereza haikuweza kuwangoja wanafalsafa wamalize. Kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya alama kwa magari yaliyobadilishwa sana. Fremu au bodi inayobeba gari ilipewa alama 5. Springi na viungo vyake 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini alama 1. Gari lililobakiwa na alama 8 za asili yake liliendelea kuitwa kwa namba yake ya zamani. Gari ambalo asili yake haikuweza kuthibitishwa lilipewa namba yenye herufi Q mwanzoni, mithili ya mtoto wa kuokotwa anayepewa jina na wenye kumlea. La kushangaza ni injini. Watu huiita moyo wa gari, tena ndiyo yenye kelele zaidi, lakini makarani waliipa alama chache kuliko vyote. Walimpa nyingi yule anayeshika wenzake mahali pao. Wapenzi wa ushairi hawatashangaa sana, kwani wanajua kwamba neno moja linalong'aa halijawahi kuwa shairi.

Lakini hata fremu haimalizi swali, kwa sababu aliyenunua masanduku aliikuta fremu imekwisha kuchomewa. Mpangilio nao si wake. Wala haitoshi kumwendea John Locke, aliyeandika mwaka 1689 kwamba mtu akichanganya kazi ya mikono yake na kitu cha asili, kitu hicho huwa chake. Mtu huyu alikuwa na risiti. Gari lilikuwa milki yake tangu lilipokuwa sandukuni, na saa zote alizolala chini yake hazikumwongezea milki hata chembe. Kilichoongezeka kina jina jingine, na Kiswahili kinalo jina hilo. Ni dhamana.

Maana ya dhamana huonekana kwa kutazama bolti moja tu, ile inayoshika breki ya gurudumu la mbele. Bolti hiyo ina kipimo chake cha kukazwa. Ikilegea, mtikisiko wa barabara utaifungua kidogo kidogo. Ikikazwa kupita kiasi, chuma kitavutika, na siku moja itakatika. Kwa hivyo iko spana maalumu yenye kupima nguvu ya mkono. Waundaji waangalifu wakishaikaza bolti kwa spana hiyo, huichora mstari mdogo wa rangi, unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye chuma kilicho pembeni yake. Mstari ukikatika, nati imesogea.

Si kila bolti inafikika kwa wepesi kama ile. Iko nyingine iliyo ndani zaidi, ambayo kesho itafunikwa kwa bati la aluminiamu na bati litapigwa ribiti. Ni usiku. Mwenye gari amechoka, na spana ya kipimo haipenyi mahali ilipo bolti. Ili ipenye itabidi afungue kazi ya juzi. Anaweza kuikaza kwa spana ya kawaida, akakisia, akajiambia inatosha. Hapana msimamizi, hapana kamera, hapana atakayejua. Hapo ndipo neno kuunda linapopimwa. Asemaye "nimeliunda" anasema kwamba bolti ile ni yake: haiwezi kuwa ya kiwanda, wala ya Chapman, wala ya bahati mbaya.

Gari hilo lina viti viwili. Katika kiti cha pili ataketi mtu ambaye hakukaza chochote, awe mke, mtoto au jirani. Huyo hana anachokijua juu ya nati na mistari ya rangi. Anaketi kwa imani, na imani hiyo hakuikabidhi gari, kwa kuwa gari halikabidhiwi imani. Ameikabidhi kwa mtu aliyekuwa peke yake usiku ule.

Atatokea mwenye kusema: ikiwa ndivyo, asiunde kabisa. Wako wahandisi waliosomea kazi hiyo, na maisha ya watu si mahali pa kujifunzia. Hoja hii haifai kudharauliwa. Gari la kiwandani la siku hizi, katika mambo mengi, lina salama zaidi. Limegongeshwa kwa makusudi ukutani ili ijulikane abiria atapatwa na nini. Gari jepesi la bandani halina kinga hiyo, na muundaji mkweli hulikiri hilo kabla ya kumwalika mtu kupanda. Dola nayo haikunyamaza. Tangu mwaka 1998 magari ya namna hii yalipasa kukaguliwa moja moja kabla ya kuingia barabarani, na mwaka 2009 ukaguzi huo ulichukuliwa nafasi na mwingine ulio mpana zaidi. Mkaguzi hutazama breki, taa na usukani. Hutazama hata kingo za nje: chuma kinachoweza kumgusa mtu hakiruhusiwi kuwa na ncha, sharti kiviringwe kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Iko adabu katika kanuni hiyo. Kabla gari halijaondoka, linatakiwa kumfikiria mpita njia asiyejulikana.

Hata hivyo mkaguzi ana siku moja na macho mawili, naye hang'oi ribiti kutazama kilicho chini ya bati. Sheria humfuata muundaji mpaka hapo, kisha humwacha na nafsi yake. Kwa hivyo hoja ya hatari haimwondolei mtu haki ya kuunda. Inampandishia bei yake, na bei hiyo hailipwi kwa pauni.

Tofauti ya kiwanda na banda, basi, haiko katika ubora wa bolti. Iko katika mahali pa kwenda kuuliza. Kiwandani bolti hukazwa na mashine au na mfanyakazi ambaye hatamjua atakayeketi. Likitokea kosa kuna idara, kuna barua za kuyarudisha magari, kuna mahakama. Wajibu umegawanywa vipande vidogo hadi kila mmoja amebakiwa na chembe yake. Mpango huo ni mwema na umeokoa watu wengi. Lakini mtu anayeishi umri wake wote katikati ya vitu vinavyojibiwa na wengine anaweza kusahau kujibu kukoje. Kitu kikiharibika, hupiga simu. Banda humrudishia somo hilo kwa njia ngumu, kwa kuwa bandani hakuna wa kupigiwa.

Si lazima mtu aunde gari ili alipate somo hilo. Mpishi wa shughuli analijua, na mkunga analijua tangu zamani. Tena mwenye banda asijidanganye, kwani banda laweza pia kuwa maficho. Yupo anayepima kila nati kwa uangalifu ilhali watoto wake hawamwoni tangu Jumamosi mpaka Jumapili, na fedha za nyumba zimegeuka magurudumu. Dhamana haichaguliwi pale panaponoga tu. Mtu anayejibu kwa chuma na hajibu kwa walio nyumbani mwake amejifunza nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Dhamana haiishi hata gari likiuzwa. Ndiyo maana wengi wa waundaji hawa huweka daftari na picha za kila hatua, na mnunuzi hukabidhiwa daftari pamoja na funguo. Likiandikwa kwa uaminifu, huwa limeandikwa pia yasiyopendeza: kipande kilichotumika kikiwa kikuukuu, shimo lililotobolewa mahali sipo, bolti iliyobadilishwa mara mbili. Kwa daftari hilo mwenye kuunda hulifunua bati mbele ya mtu ambaye hakuwapo usiku ule.

Hapa wapenzi wa ushairi wana la kusema, maana wao wanaijua habari hii kwa jina jingine. Mshairi wa Kiswahili huikuta bahari imekwisha kutengenezwa. Hupokea mishororo minne ya ubeti, mizani 16 za kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vina vya mwisho. Maneno nayo ni ya watu waliomtangulia. Juu ya yote hayo hapana anayemwambia kwamba ameunga tu. Tena iko desturi ya kale kwamba katika beti za mwisho mshairi hulitaja jina lake, na pengine mji wake. Mgeni wa sanaa hii hudhani ni majivuno. Mwenyeji anakumbuka kwamba shairi ni jambo la kujibizana. Aliyejitaja amejulisha anakoishi. Vina vikipwaya, hoja ikilegea, au neno likimdhulumu mtu, msomaji anajua mlango wa kubisha. Jina lile halidai kwamba mshairi ndiye aliyebuni bahari. Linasema yupo wa kuulizwa.

Kwa hivyo mtu yule wa Uingereza ameunga, na huenda ameunda. Kinachoamua si wingi wa vipande alivyotengeneza mwenyewe, kwa sababu kwa kipimo hicho hata fundi wa jahazi angeshindwa. Ni kama yuko tayari kuitikia jina lake linapoitwa kwa ajili ya kitu kile, siku ya sifa na siku ya ajali. Aliyekuwa tayari kwa siku ya sifa peke yake ameunga, hata kama alizichomea bomba zote kwa mkono wake.

Waundaji wa zamani katika kazi hii huwa na ada moja. Gari likishakwenda kilomita zake za mwanzo na kurudi, vyuma vikiwa vimekwisha kukaa, halioshwi wala halipigwi picha. Mwenyewe hupiga magoti na tochi, huizungukia nati moja baada ya nyingine, akatazama mistari ya rangi kama bado imenyooka. Akimaliza, ndipo hufungua mlango wa nyumba na kuuliza nani angependa kupanda.